Funga pochi kwanza: homurani za Triple-A zilinila dola 4,300

Mkuu mleta uzi, funga pochi. Weka mezani, kaa mbali nayo, kisha soma.

Umeandika kwamba kuna mcheza besiboli, kijana wa uwanja wa nje huko Pacific Coast League, Triple-A, miaka 25, ana homurani 26 (yaani mara 26 kaupiga mpira ukavuka ua wa uwanja) na Julai haijaisha, na umeshaelewana na muuza kadi umpe dola 2,000 kwa kadi nane zenye sahihi yake kabla hajapandishwa ligi kuu. Ukauliza mambo matano: kama bei ni halali, kadi zipelekwe wapi kupimwa ubora, mbio na mkono wake wa kurusha vina uzito gani, ukae upande gani wa uwanja ukienda kumwangalia, na kama umri wake ni tatizo. Nitajibu nitakayoyakumbuka, maana nilipofika kwenye "homurani 26" tumbo lilianza kukata. Mimi ni wewe wa mwaka 2019.

Kwa wadau wa nyumbani wanaochungulia huu uzi: klabu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani zina timu za chini za kukuza wachezaji, na Triple-A ndiyo ngazi ya mwisho kabla ya kufika juu. Kadi yenye sahihi ya kinda mara nyingi inauzwa kwa bei ndogo akiwa hajulikani. Akiwa staa, inaweza kununua gari. Kwa hiyo watu wananunua vijana kama wanavyonunua viwanja Kigamboni. Na nikisema gongo humu ndani namaanisha lile la mbao, siyo la chupa, ingawa kwa niliyoyafanya mtu angedhani nilikuwa nimekunywa lile lingine.

Mwaka 2019 nilikuwa Albuquerque, nasambaza vifurushi na gari la kampuni, jioni niko uwanjani. Kulikuwa na kijana mmoja, sitamtaja, yeye hana kosa, alikuwa kazini. Mlinzi wa kona ya uwanja wa nje, mabega kama mlango wa ghala, homurani zaidi ya 30 msimu ule. Nilikuwa nalipa dola 15 kwa mwezi kwa mchambuzi mmoja mwenye chaneli yake, na huyo bwana alimwimba huyo kijana kila wiki. "Huyu ni Aaron Judge mwingine, soko limelala, wenye akili wananunua sasa." Judge ni staa wa homurani wa ligi kuu. Mimi nikajihesabu mwenye akili. Nikamwaga dola 4,300. Katika hizo, 1,800 zilikuwa za bati la nyumba ya mama Morogoro. Niliwaza ni mkopo wa miezi miwili tu, Septemba akipandishwa nauza, bati linakuwa la rangi na mabomba ya kuvunia maji juu yake.

Sasa sikiliza nilichokuwa sikijui. Albuquerque iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, kimo cha Iringa. Hewa ni nyepesi, mpira unaopigwa juu unakutana na upinzani mdogo, unaendelea kwenda. Na siyo Albuquerque peke yake, Reno na Salt Lake nazo ziko juu, El Paso pia. Ligi hiyo ina viwanja ambako mpira ambao ungedakwa kwa starehe kule Tacoma, pembeni ya bahari, unaangukia kwa watu wanaokula soseji. Hilo la kwanza.

La pili ndilo lililonimaliza. Mwaka ule ule wa 2019 Triple-A iliacha mpira wake wa zamani ikaanza kutumia mpira wa ligi kuu, na mpira wa ligi kuu kipindi hicho ulikuwa unaruka kama una mabawa. Homurani za Triple-A nzima ziliongezeka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na 2018. Yaani kila mtu alikuwa anapiga! Hata wale vijana wembamba wa katikati ya uwanja waliokuwa wakipiga nne kwa mwaka walifikisha 15. Mimi naangalia homurani 30 za mtu wangu nikadhani nimeona muujiza, kumbe kisima kizima kilikuwa kimepanda na ndoo yangu ndani yake.

Mchambuzi hakusema neno hata moja kuhusu mpira. Kwa muda mrefu nilimtetea, nikasema labda hakujua. Baadaye nikakuta kwenye mnada wa mtandaoni kwamba alikuwa na lundo la kadi za kijana yule yule, alizinunua majira ya baridi kwa bei ya mchicha, na alikuwa anatuuzia sisi wateja wake kupitia akaunti nyingine. Wakuu, miezi yote ile nilikuwa namtafuta mpigaji uwanjani, kumbe mpigaji alikuwa kwenye spika za gari langu. Bado nina risiti za ile dola 15 kila mwezi. Nililipia kupigwa.

Lakini nisimsingizie kila kitu, kwa sababu nilionywa bure, usiku wa kwanza kabisa, na mtu asiyejua hata straiki ni nini. Nilimpeleka mke wangu. Tumekaa upande wa besi ya kwanza. Kijana anaingia zamu ya kwanza, slaida (mpira unaopinda mwishoni) ya chini nje, anazungusha gongo hadi kofia inamtoka kichwani, hewa. Tena hewa. Tena hewa, straiki ya tatu, anarudi benchi. Zamu ya pili vile vile, ila safari hii alikosa na mpira wa kasi uliopita chini kidogo ya kifua, ndani kabisa ya eneo la straiki, ile nafasi kati ya kifua na magoti ambako mpira unahesabiwa halali. Zamu ya tatu akaletewa mpira wa maili 88 kwa saa katikati, umeiva, akaupeleka mbali sana. Uwanja mzima umesimama, mimi nimemwaga soda kwenye suruali ya baba mmoja wa mbele. Mke wangu amekaa tu, anatafuna bisi, akaniuliza, "Mbona huyu anapiga hewa sana?"

Nikamjibu, "We hujui mchezo."

Hilo jibu liligharimu dola 4,300 kasoro 310, maana 310 ndizo nilizopata nilipouza kadi zote mwaka 2021. Septemba alipandishwa kweli. Wiki mbili tu warushaji wa ligi kuu wakawa wameshamaliza kumsoma: juu maili 97, kisha slaida chini nje, arudi benchi, anayefuata. Mwaka 2020 msimu mzima wa ligi ndogo ukafutwa kwa ajili ya korona, hana hata mahali pa kujirekebisha. Na utani mkubwa wa Mungu ni kwamba mwaka huo huo kadi za michezo zilipanda bei kama mchele wa Ramadhani, za kila mtu, isipokuwa za kwangu. Bati la mama likangoja masika mengine. Kila mvua ikinyesha Morogoro nilikuwa napigiwa simu, na mama haniulizi bati, ananiuliza kama nimekula. Heri angenitukana.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siibadilishi: hesabu anachokosa kabla hujahesabu anachopiga. Na usihesabu makosa yote kwa mkupuo. Hesabu mipira iliyopita NDANI ya eneo la straiki, aliyoizungushia gongo akapata hewa. Mtu kudanganywa na slaida iliyotoka nje inasameheka, hata mastaa wanadanganywa. Kukosa mpira wa kasi uliopita ndani ni gongo kuchelewa, na hakuna kocha anayekuuzia gongo la haraka dukani. Wapigaji wa ligi kuu kwa wastani wanagusa zaidi ya mipira 80 katika kila 100 ya ndani wanayoizungushia. Wa kwako akikosa zaidi ya mmoja katika kila minne, tena dhidi ya warushaji wa Triple-A, kimbia. Sijasema tembea.

Zamani ilibidi uwe msaka vipaji mwenye daftari. Siku hizi huna kisingizio, tangu 2023 takwimu za kamera za viwanja vyote vya Triple-A ziko bure kwenye tovuti ya Baseball Savant, kila mpira, ulipita wapi, aligusa au hakugusa, ulitoka kwenye gongo kwa kasi gani. Ingia, mchuje kijana wako, angalia mipira ya ndani tu. Kisha tenga homurani za nyumbani na za ugenini. Hizo 26 ukikuta 19 ni za viwanja vya milimani, umeshapata jibu na hujatumia hata senti.

Najua utakachonijibu kwa sababu na mimi nilijibu hivyo hivyo: "Mbona Judge naye alikuwa anatolewa kwa straiki ovyo?" Ndiyo, alipopandishwa Agosti 2016 alitolewa mara 42 katika mapigo 84, wastani wa kupiga .179 (yaani alifaulu mara 18 hivi katika kila mapigo 100), na mwaka uliofuata akapiga homurani 52. Kila muuza kadi anakijua hicho kisa kama sala. Wasichokwambia ni kwamba Judge kwenye ligi ndogo hakuwahi kuvuka homurani 20 kwa msimu mmoja, na Triple-A mwaka ule ule alitolewa kwa straiki karibu robo tu ya zamu zake. Ungemtafuta kwa kuhesabu homurani usingemwona! Waliokuwa wanaongoza kwa homurani walikuwa wengine. Mbona hawakutolei mfano wa Mike Hessman? Huyo alipiga homurani 433 katika ligi ndogo, rekodi ya ligi ndogo za Marekani. Ligi kuu alipiga 14. Mia nne thelathini na tatu, kisha kumi na nne. Bandika hiyo kwenye friji.

Joey Gallo mtanitajia pia. Homurani 40 akiwa na miaka 19, na kweli alifika, akapiga 41 na 40 ligi kuu, akachukua na glavu za dhahabu, tuzo za ulinzi bora. Lakini mwaka 2021 alitolewa kwa straiki mara 213, na ukitazama wastani wake wa .209 na .206 katika ile misimu mizuri utaona alikuwa anatembea kwenye kamba muda wote. Na huyo alikuwa na nguvu ambazo wasaka vipaji waliziweka kileleni kwenye mizani yao ya 20 hadi 80. Mizani hiyo ina safu ya nguvu na safu ya kugusa mpira, ni vitu viwili. Nguvu 70 na kugusa 30 ni sawa na lori la tani kumi lisilo na usukani.

Umri: miaka 25 Triple-A siyo kinda, ni mtu mzima. Kama anarudia ngazi hiyo msimu wa pili au wa tatu, zile homurani ni mwanafunzi aliyerudia darasa la saba kuwa wa kwanza. Tafuta hilo.

Mahali pa kukaa: nyuma ya mdakaji, siyo upande wa besi ya kwanza kama mimi, huko unaona mabega tu. Ukikaa nyuma unaona mpira ulipita ndani au nje. Nenda mechi tatu, chukua karatasi, chora mstari kila akikosa wa ndani. Homurani usiandike. Najua inauma, mimi mkono ulikuwa unasogea wenyewe.

Mambo ya kupima ubora wa kadi sijui nianzie wapi, waulize wengine, kadi zangu hazikufika hatua hiyo ya heshima. Mbio na mkono... kulikuwa na swali la mbio na mkono. Kwa mtu wa kona vinamsaidia kubaki kwenye timu, havipandishi bei ya kadi. Tuishie hapo maana nimeanza kukumbuka lile bati.

Halafu huyo muuzaji akikwambia kuna mteja mwingine yuko kwenye simu sasa hivi anazitaka hizo kadi nane, mwambie amuuzie huyo.