Waruinge ama Wangila?

Swali: Mhariri, hapa Nakuru kwa kinyozi tunabishana kila jioni, bondia mkali zaidi ni Philip Waruinge ama Robert Wangila? – Msomaji, Nakuru

Jibu: Ndugu yangu, Wangila alibeba dhahabu Seoul 1988, Mfaransa Laurent Boudouani akalala raundi ya pili, hiyo hakuna wa kuitoa. Lakini Waruinge wenu wa Nakuru alipanda ringi kichwa wazi, kofia za kujikinga zilikuja Olimpiki 1984, kwa hivyo ilibidi akwepe kweli kweli, na Mexico 1968 alipata shaba tu lakini tuzo ya Val Barker ya bondia bora wa mashindano wakampa yeye! Munich 1972 akaongeza fedha. Kwa ngumi ya kumaliza kazi, Wangila. Kwa ufundi mimi ni Waruinge, sibanduki.