Shemeji, huku Mungu hajafukuzwa, yupo mpaka kwenye slipu ya mshahara

Haya jamani, swali la shemeji limenikuta natoka zamu ya usiku na nimeona mlivyolichangamkia, eti "huko Ujerumani si walishamfukuza Mungu, ndo maana wanawake wamewapanda waume zao kichwani na ndoa hazidumu?" Na mama mdogo akaongezea kwamba ananiombea nisije nikaharibika. Asante kwa maombi mama mdogo, endelea tu. Ila hili nalijibu kwa kirefu, maana nikiweka kikatuni cha kucheka mtasema nimekwepa.

Tuanze na hilo la kumfukuza Mungu. Ukifika hapa Stuttgart unakwenda kujiandikisha ofisi ya mji, na kwenye fomu kuna sehemu ya dini. Mimi mtoto wa KKKT, Kanisa la Kilutheri la kwetu Tanzania, ubatizo Machame, kipaimara Machame, nikajaza Mlutheri bila kusita, na mshahara wa kwanza ulivyoingia nikakuta mstari umeandikwa kodi ya kanisa. Serikali yenyewe ndo inakata halafu inapeleka kanisani! Jimbo letu na Bavaria ni asilimia 8, majimbo mengine 9, na siyo ya mshahara wote bali ya ile kodi ya mapato unayolipa, msije mkapiga hesabu mkasema nafilisika. Kwa hiyo hakuna mzee wa kanisa wa kukukumbusha bahasha ya ahadi wala kusikia majina ya waliolipa na wasiolipa yakisomwa mbele za watu. Ukiona hutaki tena unakwenda ofisi ya serikali, ile ile inayoandikisha ndoa na vifo, unalipa ada kidogo, unasaini, umetoka. Wakatoliki wao maaskofu walitoa tamko 2012 kwamba ukijitoa hivyo hupewi sakramenti, na bado mwaka 2022 peke yake walijitoa zaidi ya laki tano. Ukijumlisha Wakatoliki na Waprotestanti wa yale makanisa makubwa mawili sasa hivi hawafiki nusu ya wananchi, kwa hiyo shemeji hujakosea kote, makanisa yanapungua watu kweli.

Lakini sasa njoo utafute duka la nguo Jumapili. Limefungwa. Siyo kwa sababu watu wapo ibadani, wengi wamelala au wanatembea msituni na mbwa, ila Jumapili imelindwa na katiba, kifungu kilitungwa 1919 kikabebwa kama kilivyo kwenye katiba ya 1949. Ijumaa Kuu huku kwetu disko hairuhusiwi kabisa, ni sheria ya jimbo. Chama kilichotawala miaka mingi kuliko vyote jina lake lina neno Kikristo, na Merkel mnayemsifia baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Chekechea, hospitali, nyumba za wazee, nyingi sana ziko chini ya Caritas ya Wakatoliki au Diakonie ya Waprotestanti, na mpaka 2022 ukiajiriwa na Wakatoliki, ukaachika na kuolewa tena, kibarua kilikuwa kinaweza kuota nyasi. Hiyo ndo nchi mnayosema haina dini. Kwetu katiba inasema nchi haina dini ila hakuna mkutano wa hadhara unaoanza bila shehe na mchungaji kupokezana dua. Huku katika mikutano yao sijasikia mtu akiomba. Ukiniuliza wapi dini ina nguvu zaidi kwenye mambo ya serikali nitakwambia huku, ila haipigi kelele.

Sasa tuje kwenye wanawake maana najua hapo ndo pana moto.

Shemeji unadhani haki za hawa wanawake zimekuja kwa sababu waliacha kusali. Aisee soma historia yao, utashangaa ni juzi tu. Mwaka 1948 wakati wanaandika katiba, walikaa wajumbe 65 na wanawake walikuwa 4 tu, mmoja mwanasheria anaitwa Elisabeth Selbert akataka iandikwe wazi kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa, wakamkatalia. Akazunguka nchi nzima anahamasisha akina mama, barua zikamiminika mpaka wenyewe wakasalimu amri. Basi imeandikwa 1949, ila sheria ya ndoa ikabaki ile ile, mume ana uamuzi wa mwisho na anaweza kwenda kuvunja mkataba wa kazi wa mkewe. Ilibadilika 1958, na hapo maaskofu wa Kikatoliki walikuwa wanapinga, na bado bunge likambakishia baba neno la mwisho kuhusu watoto mpaka mahakama ya katiba ilipolifuta 1959. Kutoka hapo sheria iliendelea kusema kazi ya mke ni nyumba, akiajiriwa isiharibu wajibu wake wa nyumbani, hadi 1977! Hapo naongelea Ujerumani Magharibi. Mume kumbaka mkewe ikawa kosa la ubakaji 1997, na walikuwepo wabunge 138 waliopiga kura ya hapana. Wabibi ninaowaogesha hapa kazini wameishi hayo yote na makanisa yakiwa yamejaa pomoni.

Sisi je? Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inamtambua mume kama mbakaji wa mkewe pale tu wanapokuwa wametengana. Na ile sheria ya ndoa ya 1971 inayoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa wazazi wakikubali, Mahakama Kuu ilisema 2016 vifungu hivyo vinakwenda kinyume na katiba, rufaa ya serikali ikagonga mwamba 2019, na kila likiguswa mnajua mjadala unaishia wapi, dini na mila. Wakati dini zenyewe zina watu pande zote mbili! Siongei kama mtu aliyeasi, naongea kama binti aliyekulia usharikani na kumwona mwenzake wa kwaya anapata mimba, anasimamishwa, anatengwa, anasubiri mpaka ajifungue ndo aje mbele atubu arudishwe kundini, na kijana mwenyewe Jumapili ile ile anapiga kinanda. Wote tunamjua, wote tulikaa kimya, na akina mama ndo walikuwa wakali zaidi.

Ndo maana nilipokuja nikasikia habari za Margot Käßmann niliirudia mara mbili. Huyu mama alikuwa askofu wa Hannover, Mlutheri kama sisi, akaachana na mumewe 2007 akiwa askofu na akaendelea na uaskofu, na 2009 wakamchagua kuwa mkuu wa Waprotestanti wote wa Ujerumani, mwanamke wa kwanza. Februari 2010 polisi wakamkamata anaendesha gari amelewa, amepita taa nyekundu. Siku chache tu baadaye akajiuzulu vyote viwili. Ndoa kuvunjika haikumwondoa, pombe barabarani ndo ilimwondoa. Najua hapo baba mkubwa ameshavua miwani, ila nauliza tu, kwetu ingekuwaje?

Msije mkadhani nawauzia peponi. Mwanamke huku kwa saa bado analipwa pungufu, kwa 2024 ilikuwa asilimia 16. Na usawa wa dini ndo usiseme. Kuna mwalimu wa Kiislamu alinyimwa ajira ya ualimu wa serikali kwenye jimbo hili hili 1998 kwa sababu ya hijabu, kesi ikafika mahakama ya katiba 2003, mahakama ikasema hamna sheria ya kumzuia, jimbo likakimbilia kutunga sheria 2004 inayokataza alama za dini kwa walimu, ila ikaacha mlango kwa mila za Kikristo. Ilichukua mpaka 2015 mahakama kusema huwezi kupiga marufuku hijabu kwa jumla jumla hivyo. Rafiki yangu wa Mombasa, nesi mzuri kuliko mimi, sehemu moja ya kanisa walimwambia kazi ipo ila kitambaa avue. Hakuvua, akaenda kwingine. Mimi na msalaba wangu shingoni hakuna aliyewahi kuniuliza kitu.

Kuhusu ndoa na mahusiano nitasema kwa kifupi. Watu wanaishi pamoja miaka na watoto bila ndoa na hakuna anayewanyooshea kidole. Ndoa ya kanisani peke yake mbele ya serikali ni sherehe tu, ya kisheria ni ya ofisini na imekuwa hivyo tangu 1876. Wanaume wengi wanabeba watoto na wanapika, wengine wavivu kama kina fulani hapo nyumbani. Na wapweke wapo, nimefanya kazi kwenye chumba cha mzee ambaye mwanae yuko dakika 20 kwa treni na anakuja Krismasi. Ila wapo pia wanaokuja kila siku. Kuna bibi mmoja amesahau majina ya wanae wote lakini ukianza Baba Yetu anamaliza mwenyewe bila kukosea, na tenzi zao ni zile zile walizotuletea wamisionari wa Leipzig uchagani, kwa hiyo yeye anaimba Kijerumani mimi namjibu Kiswahili na zamu inakwenda. Hajawahi kuniuliza nimeolewa au la, mama mdogo, tofauti na watu fulani.

Na wewe binamu unayekuja mwezi wa tisa, kwenye ile fomu usiandike tu kwa kufuata mimi. Kipindi cha mafunzo posho ni ndogo kwa hiyo hiyo kodi haitakuuma sana, ila ukishaanza mshahara kamili utaiona, na ukijaza Mlutheri halafu ukaghairi inabidi uende mwenyewe ofisini na pasipoti, hawakubali barua pepe. Mimi bado nalipa. Shemeji akiuliza kwa nini, mwambie wananizikia.