Kabla hujaitia siki hiyo kwota, ipime

Mkuu, weka hiyo chupa ya siki chini. Umesema umepata kwenye chenji kwota ya 2001, ile sarafu ya Marekani ya senti 25, upande mmoja mweupe na mwingine mwekundu, na usiku huu unailoweka kwenye siki na chumvi ing'ae ndipo uitafutie mnunuzi. Usiiguse. Hata kitambaa usipitishe.

Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kufulia nguo huku Minnesota, zile mashine zinazokula sarafu, nikaiona kwenye chenji: upande wa kichwa cha Rais Washington mweupe, mgongoni nyekundu kama waya wa umeme uliochunwa. Nikajua ni uchafu. Kilichonimaliza ni jamaa mmoja wa video za mtandaoni, anajiita mtaalamu, eti "sarafu nyekundu ni sarafu chafu, dawa ni siki, chumvi na baking soda". Mtaalamu wa nini? Mezani kwake hapakuwa na mizani! Kichwa changu nacho kikakubali. Nikaloweka, nikapaka baking soda, nikashika mswaki nikasugua mpaka mkono ukauma. Ikang'aa kweli, nikatabasamu peke yangu jikoni.

Nikaipeleka kwa mnunuzi wa sarafu. Mzee wa watu hakusema kitu, akaiweka kwenye mizani: gramu 4.7. Ndipo akaniambia ile kwota ilitoka kiwandani bila ngozi, yaani tabaka jembamba la juu, ya upande mmoja, na wakusanyaji hulipa mamia ya dola kwa moja ambayo haijachezewa. Akainamisha taa akanionyesha mikwaruzo ya mswaki. Bei aliyonipa ilikuwa ya kunihurumia. Kampuni za kupima ubora kama PCGS na NGC sarafu iliyosuguliwa haziipi daraja la kawaida, zinaandika tu kwamba imesafishwa, basi. Mke wangu mpaka leo ananiita daktari wa meno wa Washington. Nacheka naye, nifanyeje.

Sasa sikiliza. Kwota za kawaida tangu 1965, madini ya fedha yalipoondolewa, zina matabaka matatu: katikati shaba tupu, juu na chini ngozi ya shaba 75% na nikeli 25%. Nzima ina gramu 5.67. Kila ngozi ni kama moja ya sita ya uzito, kwa hiyo ikikosekana moja unabaki na 4.7 hivi. Hesabu ya shule ya msingi hiyo, na ndiyo ingeniokoa.

Wekundu wa udongo ni habari nyingine. Kwota ikilala ardhini penye unyevu, na huku kila majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi, nikeli ya kwenye ngozi inaliwa kwanza, shaba inabaki juu na kushika oksijeni, inakuwa nyekundu-kahawia. Mbolea yenye amonia inaharakisha mambo, salfa inaleta weusi. Kwota ya namna hiyo mara nyingi imeharibika pande zote mbili, ukiipapasa inakwaruza, na uzito wake haujaenda mbali na 5.67. Hiyo nayo siki haiisaidii, maana nikeli iliyokwisha kuondoka hairudi kwa kulowekwa. Na wanaoosha kwota pamoja na sarafu za senti moja kwenye beseni moja, shaba ya senti inayeyuka na kwota zote zinatoka na wekundu. Hilo nalo nimelifanya, ila pale kila moja ilibaki na thamani yake ya senti 25, haliniumi.

Kwa hiyo mizani kwanza. Tafuta ile ndogo ya kidijitali wanayotumia masonara, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Ya jikoni ya kupimia unga itakuandikia 5 halafu ubaki unabishana nayo. Ishike kwota kwa ukingo, na hapo hapo ukingoni angalia: ya kawaida ina mstari wa shaba katikati ya miwili myeupe. Ukiona mweupe mmoja tu, mkuu, kaa chini kwanza.

Uliuliza na mengine, ya mahali pa kuuza na nini tena sijui, tutafika huko. Leta gramu, na picha ya ukingo.