Maswali yenu: mizimu, noh na picha za mbao za Kijapani

Nilisema mizimu ya kwenye picha za zamani za Kijapani, zile zinazochapwa kwa mbao zilizochongwa, haiji kutisha tu, kila mmoja ana neno lake moyoni. Mkauliza mengi, haya twende.

Mbona mizimu hiyo haina miguu?

Wengi wanamtaja Maruyama Okyo, mchoraji wa Kyoto aliyefariki 1795. Alichora mwanamke wa nguo nyeupe, nywele kaziachia, halafu kuanzia kiunoni anafifia kama moshi. Wachoraji wengine wakaufuata mtindo huo.

Noh ndo nini, na mizimu inaingiaje humo?

Ni tamthilia ya zamani sana, ya nyimbo, ngoma na barakoa za mbao, na Zeami, aliyezaliwa karne ya 14, ndo aliyeipa umbo. Mara nyingi mtawa msafiri anafika mahali, anakutana na mtu wa kawaida tu, mkata majani labda, wanaongea, baadae yule mtu anarudi na sura yake halisi, kumbe ni marehemu wa palepale! Mfano tamthilia ya Atsumori, kijana wa ukoo wa Taira aliyeuawa vitani Ichinotani mwaka 1184, na mtawa anayekuja kumwombea ndo yuleyule Kumagai aliyemuua, kaacha upanga kaingia utawani. Mzimu unainua upanga ulipe kisasi, afu unaushusha, unamwita rafiki na kumwomba azidi kumwombea. Mi nikifika hapo kila mara machozi yananilenga.

Ile barakoa ya noh yenye pembe na meno ni shetani?

Hapana jamani, ni mwanamke. Inaitwa hannya, wivu na uchungu ndo vimemgeuza hivyo. Kwenye tamthilia ya Aoi no Ue, Bibi Rokujo hata hajafa, roho yake imetoka mwilini ingali hai ikamshambulie mke wa mwanaume anayempenda, na huyo mke mgonjwa hakuna anayemwigiza, ni vazi tu limetandikwa jukwaani. Barakoa yenyewe ukiiinamisha kidogo hasira inapotea, inakuwa kama inalia.

Picha za noh nianze na nani?

Tsukioka Kogyo, bila kusita. Ni mtoto wa kambo wa mchoraji Yoshitoshi, yule wa picha za mizimu 36 (1889 hadi 1892) yenye kingo zilizochorwa kama zimeliwa na wadudu. Kati ya 1897 na 1902 Kogyo alitoa picha zaidi ya 250 za noh, wakati sanaa yenyewe ilikuwa imeyumba maana watawala na masamurai walioigharamia walipoteza nafasi yao baada ya utawala kubadilika 1868. Nyingi nyuma ya mwigizaji ni karatasi tupu, unabaki wewe na vazi na barakoa.

Mchoraji anachonga mbao za kuchapia mwenyewe?

Kwa kawaida hapana. Anachora, fundi mwingine anachonga mbao za mcheri, na mchapaji anapaka rangi ubao kwa ubao halafu anasugua karatasi kwa mkono. Ule ukungu mzimu unapoishia, rangi inavyofifia taratibu, ni mchapaji kaifuta ubaoni kabla hajalaza karatasi, na jina lake mara nyingi halimo kabisa kwenye picha.