Nyumba ya kijijini Italia: kaikague Februari, siyo Agosti

Kaka mleta mada, nimesoma uzi wote. Kwa waliochelewa kuingia: jamaa yuko Brescia, kaskazini mwa Italia, anafanya kazi ghalani, kachoka kulipa kodi kwenye nyumba ya watu, amejibana mpaka ana euro 35,000. Anavutwa na vitu vitatu: nyumba ya euro 1 Sicilia, nyumba ya mawe Molise ya euro 22,000, na trullo la Puglia, yaani kile kijumba cha mawe chenye paa la umbo la pia, ambalo shemeji amelipenda kwenye simu. Anauliza achukue ipi, na wengi mmemjibu kwa kumtajia mikoa. Mimi nina nyumba Abruzzo, huu mwaka wa sita, kwa hiyo mngetegemea niipigie debe Abruzzo. Siipigii. Ila kwanza mnivumilie niwasimulie nyumba ambayo sikuinunua.

Kitaliano nilijifunzia hotelini Kiwengwa, baadaye nikaja Roma na kusomea kuhudumia wazee, kazi ambayo hapa wanaiita OSS. Agosti moja rafiki akanipeleka kijijini kwao, ndani kabisa milimani Abruzzo, kwenye sikukuu ya mtakatifu wao. Wakuu, nililogwa. Taa zimetundikwa mtaa mzima, bendi inapiga, watoto wanakimbizana mpaka saa saba usiku, bibi nisiyemjua ananijazia arrosticini mkononi (ni mishkaki ya kondoo, tena ukila kumi hujala). Kesho yake nikaoneshwa nyumba ya ghorofa mbili kwa euro 18,000. Wiki haikuisha nikawa nimesaini ombi la kununua na kumwachia dalali hundi ya 2,000.

Februari nikarudi na geometra, yule mpimaji anayekagua majengo na hati zake. Kwenye mtaa wa nyumba kama arobaini, tatu tu zilikuwa na moshi kwenye dohani. Baa inafunguliwa asubuhi tu. Ndipo nikakumbuka kwamba magari yote niliyoyaona Agosti yalikuwa na namba za Ujerumani, Ubelgiji na Uswisi: ni watoto wa waliohama, wanakuja wiki tatu wanaondoka. Basi la kwenda bondeni linatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa nane mchana, kwa sababu ni basi la wanafunzi. Shule zikifungwa linapunguzwa. Jumapili halipo kabisa.

Hayo ni ya barabarani. Ya kwenye karatasi yalikuwa mabaya zaidi. Geometra alipofungua catasto, rejista ya majengo, akakuta wamiliki saba. Mmoja alifia Argentina na watoto wake hawajawahi kufungua mirathi Italia. Bila sahihi ya kila mmoja hakuna mauzo, na dalali alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Hundi yangu niliipata baada ya miezi tisa na barua mbili za mwanasheria. Kwa hiyo kaka, kabla hujampa mtu hata senti, omba visura catastale, dondoo ya hiyo rejista, ni karatasi ya euro chache tu, uhesabu majina. Yakizidi mawili, uliza kila mwenye jina yuko wapi na kama yu hai.

Baada ya hapo nikabadili namna ya kutafuta. Nikaacha kuangalia picha za nyumba, nikachukua ramani. Nikaweka alama kwenye hospitali zenye dharura na nyumba za kulelea wazee, maana ndiko nitakakofanya kazi, na vijijini Italia wazee ndio wengi. Nikapata mkataba kwenye mji mdogo bondeni, kisha nikasema: dakika 25 kwa gari kutoka hapa, mwisho. Ndani ya duara hilo nikatafuta kijiji chenye shule ya msingi, duka la dawa na posta vinavyofanya kazi. Vikabaki vinne. Nikavitembelea vyote Jumanne ya Januari, jioni, kwa makusudi. Nyumba niliyoipata si nzuri kama ile ya kwanza, na nilitoa 31,000, lakini nikiugua usiku nafika hospitali.

Sasa turudi kwako. Wewe riziki yako ni ghala, na maghala ya Italia yamejipanga kando ya barabara kuu za tambarare ya kaskazini: Piacenza, Bologna, Verona. Molise utafanya nini? Kama ningekuwa wewe ningeangalia vilima vilivyo juu ya Piacenza, yaani Val Tidone na Val Nure, au Oltrepò Pavese ng'ambo kidogo. Watu hawavizungumzii kwa sababu havina bahari wala trulli, na ndiyo maana kwa bajeti yako bado unaweza kuambulia nyumba ya kuishi. Tahadhari yake ni maporomoko ya ardhi. Milima ya Apenini upande huo wa Emilia ina udongo unaotembea. Nenda kwenye tovuti ya IdroGEO ya taasisi ya mazingira ISPRA, andika jina la comune (manispaa ya mji au kijiji), utaona maeneo ya maporomoko na mafuriko yamepakwa rangi. Ni bure. Baada ya mafuriko ya Mei 2023 Emilia-Romagna sioni sababu ya mtu kununua bila kuitazama.

Ya euro 1: ipo kweli, si utapeli. Sambuca di Sicilia ilipata umaarufu mwaka 2019, Mussomeli nayo. Ila ile euro ni kiingilio tu. Mara nyingi comune inakutaka uweke dhamana, kwa kawaida kama euro 5,000, na umalize ukarabati ndani ya miaka kama mitatu, la sivyo dhamana inakwenda. Mimi paa peke yake, la nyumba ndogo, niliwahi kuandikiwa 38,000. Hizo nyumba ni za mtu mwenye fedha taslimu na muda wa kusimamia mafundi, na wewe likizo yako ni ya wiki nne. Halafu kuna maji. Ukame wa 2024 uliwafanya watu wa upande wa Agrigento na Caltanissetta wapate maji kwa mgao, wengine kwa boza. Sisi tuliokulia kwenye ndoo na simtanki tutavumilia, lakini ulizia tanki kabla ya kuulizia baraza.

Trullo, mwambie shemeji pole. Valle d'Itria, bonde la trulli huko Puglia, imeshagunduliwa na Waingereza na Wajerumani kitambo. Kwa 35,000 utapata rundo la mawe lenye umbo la pia, na fundi wa kurudishia lile paa la mawe yasiyo na saruji si fundi wa kawaida. Mizeituni inayopamba picha nayo ina ugonjwa wa Xylella, ulioonekana Salento, kusini mwa Puglia, mwaka 2013 na kupanda kaskazini tangu hapo.

Nyumba ya mawe ya Molise wakati wa baridi ni friji. Kwangu, ambako si juu sana, nawasha jiko la pellet (vipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa) kuanzia Novemba hadi Aprili na kumaliza mifuko kama 120 ya kilo 15. Uliza inapashwa joto na nini, na uombe bili ya Januari. Dalali akikwambia kuta nene zinatunza joto, mwombe mkae sebuleni nusu saa bila koti.

Tetemeko ni jambo ambalo sisi wageni tunalichukulia juu juu. L'Aquila 2009, Amatrice 2016, zote ziko kwenye uti wa mgongo huu huu wa milima. Kila comune ya Italia imepangwa daraja, kuanzia 1, la hatari zaidi, hadi 4. Kijiji cha Agosti kilikuwa daraja la 1. Ninapoishi sasa si salama kabisa, ila kuta zangu zina catene, zile fito za chuma zinazofunga nyumba kutoka ukuta hadi ukuta; ukiwa nje utaona vipande vya chuma, mara nyingi vyenye umbo la msalaba au X, vimebana ukutani. Nyumba ya mawe isiyo nazo, mwulize geometra bei ya kuziweka kabla hujapatana. Sardinia yote ni daraja la 4, kwa anayeogopa kupita kiasi.

Kuna mwenzetu aliuliza kama mtu anaweza kununua akiwa Dar bila permesso, kibali cha kuishi Italia. Mgeni asiye wa Umoja wa Ulaya na asiye na ukaazi Italia anabanwa na kanuni inayoitwa reciprocità: ananunua ikiwa Mtaliano naye anaruhusiwa kununua kwao. Sasa Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na Katiba ya Kenya ya 2010 inampa ukodishaji usiozidi miaka 99. Utaona mwenyewe kwa nini notaio, mwanasheria anayesainisha mauzo ya nyumba, atakunja uso. Mwenye permesso halali ya kazi au ya familia, kama mleta mada, haulizwi hilo. Na kununua nyumba hakukupi permesso. Anayekuahidi hivyo mkimbie.

Notaio mlipie wewe na mchague wewe, usipewe na dalali. Ni afisa wa umma, na kama Kitaliano chako ni cha kubahatisha sheria inataka mkalimani siku ya kusaini. Usione aibu, wengi wametia sahihi wasichokielewa.

Kodi, kwa ufupi, maana hapa ndipo Molise inakuumiza. Ukinunua kwa mtu binafsi kama makazi yako ya kwanza unalipa 2% ya thamani ya catasto, isiyopungua euro 1,000, na 100 juu yake. Lakini lazima uhamishie ukaazi kwenye comune hiyo ndani ya miezi 18, au uwe unafanya kazi humo. Ukibaki Brescia, ni 9%. Nyumba yenye rendita ya euro 200 (pato la mwaka linalokadiriwa kwenye catasto, ndilo linalozidishwa kupata ile thamani): kama makazi ya kwanza hesabu inatoka 462, kwa hiyo unalipa ile 1,000 ya chini; kama nyumba ya pili ni 2,268, na kila mwaka IMU, kodi ya majengo, inabisha hodi. Weka pembeni pia notaio, dalali na geometra. Mimi hao watatu walinimalizia kama 6,000. Na usitegemee mkopo. Benki tatu nilizokwenda ziliniambia chini ya 50,000 hawajisumbui.

Jambo la mwisho, kama nyumba inakuja na shamba. Yangu ilikuja na mizeituni 40, nikafurahi, kumbe jirani ni mkulima aliyesajiliwa na ardhi yake inapakana na ile. Sheria inampa haki ya kununua shamba kabla yangu kwa bei ileile, na ana siku 30 za kuamua tangu aarifiwe. Asipoarifiwa anaweza kuja kulidai hata baada ya mimi kununua. Nilikwenda kwake na keki. Alinitazama akauliza ninamhudumia mzee gani pale kijijini, maana mwanamke mweusi kwao lazima awe badante, mtunza mzee wa nyumbani kwa mtu. Nikamwambia simhudumii mzee yeyote hapa, mimi ndiye nanunua. Akacheka, akaita mkewe, na wiki ile akasaini kwamba hataki. Siku hizi anakamua mafuta yangu pamoja na yake, nami nampima presha.

Kaka, niwekee hapa rendita ya ile ya Molise na jina la comune nikupigie hesabu kamili. Na ukitaka kuona kijiji cha Apenini kilivyo kweli, njoo mwezi wa pili na shemeji. Usije Jumapili tu, hakuna basi, na siku hiyo niko zamu mpaka saa mbili usiku.