Black Butler: uanzie wapi, uishie wapi na uvumilie yapi

Kinachowafanya watu waendelee kuisoma Black Butler, manga (hadithi ya picha ya Kijapani), baada ya miaka yote hii ni mkono wa mchoraji. Yana Toboso alianza kuichapisha Septemba 2006 katika GFantasy, jarida la kila mwezi la kampuni ya Square Enix, kwa jina la Kijapani Kuroshitsuji. Majuzuu yamepita 30 na mwisho bado. Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Tuko Uingereza ya Malkia Victoria, mwishoni mwa miaka ya 1880. Ciel Phantomhive, mtoto wa miaka 12, amerithi cheo cha baba yake baada ya wazazi kuuawa na nyumba kuteketezwa. Anayemhudumia ni Sebastian Michaelis, mtumishi mkuu wa nyumba, ambaye kwa kweli ni shetani: amefunga naye mkataba wa kumsaidia kulipiza kisasi, na kisasi kikitimia ataichukua roho yake.

Uzuri wa michoro unakuvuta, na hapohapo unakufumba macho. Unakufanya upite juu ya mzaha uliochacha, kisa kilichorefushwa bure, au jambo ambalo lingechorwa na mkono mbaya ungekifunga kitabu palepale. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, amua ni yapi utayavumilia. Ukingoja uamue katikati ya juzuu la 7, picha zitakuwa zimeshakuamulia.

Juzuu la 1 lisikukatishe tamaa. Sura zake za kwanza ni vichekesho: mgeni anakuja, mpishi Bardroy anaunguza nyama kwa silaha ya moto, Finnian anaiua bustani nzima, Mey-Rin anavunja vyombo, na Sebastian anatengeneza kila kitu upya kabla mgeni hajagonga mlango. Wengi huishia hapo wakidhani ndiyo manga yote. Vumilia. Majuzuu ya 2 na 3 yanachukua mauaji ya kweli ya 1888 ya Whitechapel, mtaa wa London, yale ya muuaji asiyejulikana aliyeitwa Jack the Ripper, na hapo ndipo unapogundua kwamba kicheko hakimkingi mhusika yeyote. Ya 4 na 5 ni mashindano ya mchuzi wa kari katika jumba la Crystal Palace, yakiwa na mwana wa mfalme kutoka Bengal aitwaye Soma na mtumishi wake Agni. Ni kisa chepesi, na baada ya damu ya Whitechapel kinaonekana kama upuuzi, lakini usikiruke. Wawili hao watarudi mbele sana, na asiyeyasoma majuzuu hayo mawili hataumia pale anapotakiwa kuumia.

Kipimo cha kweli ni majuzuu ya 6, 7 na 8, kisa cha sarakasi. Watoto wanapotea kila sarakasi inapopita, na Ciel na Sebastian wanajiunga nayo kwa siri. Ndicho kisa kilichojengwa vizuri kuliko vyote vya nusu ya kwanza, na ndicho kigumu zaidi kukisoma. Ukimaliza la 8 bila moyo kuguswa, acha. Hakuna kitakachokubadilisha baadaye. Ukiguswa, una uhakika wa kazi nzuri hadi juzuu la 14 angalau: kwanza mauaji ndani ya jumba la Phantomhive (ya 9 hadi 11), kisha meli ya Campania na maiti zinazotembea (ya 11 hadi 14).

Wanaonunua kwa visa huumizwa na jambo moja: visa havikatiki pale majuzuu yanapokatika. La 11 lina mwisho wa mauaji ya jumbani na mwanzo wa meli. La 14 lina mwisho wa meli na mwanzo wa shule ya Weston. La 18 lina mwisho wa shule na mwanzo wa msitu wa mchawi kule Ujerumani. Ukiazima au kununua nusunusu, hakikisha hayo matatu unayo, la sivyo utakwama kurasa chache kabla ya jibu. Bei iliyochapwa kwenye jalada la toleo la Kiingereza la Yen Press ni karibu dola 13, yaani majuzuu 30 yanakaribia dola 390 kabla ya usafirishaji na ushuru. Nakala za kidijitali ni nafuu zaidi. Ningekuwa nashauri mtu mwenye bajeti ndogo, ningemwambia anunue karatasi kwa ajili ya la 6 hadi la 8 na la 11 hadi la 14 tu, mengine ayasome kwenye skrini.

Kwenye skrini nako kuna mtego. Vivuli vya kijivu vya manga ni nukta ndogo nyeusi zilizopangwa kwa safu. Picha ikipunguzwa ili ienee kwenye simu, nukta hizo hugongana na nukta za skrini na kuzaa mawimbi ya ajabu kwenye koti au ukuta. Wengine hudhani ni skani mbovu. Vuta picha hadi mawimbi yapotee, au tumia tableti ya inchi 10. Michoro ya kurasa mbili igeuzie simu ubavuni, la sivyo utaona nusu ya jengo na nusu ya uso. Kwenye kitabu cha karatasi tatizo ni lingine: majuzuu yamefungwa kwa gundi, kwa hiyo katikati ya mchoro wa kurasa mbili humezwa na mshono. Usikikunje kitabu kwa nguvu ili uione, maana gundi ikipasuka kurasa huanza kutoka mojamoja. Unaposoma, anza kulia kwenda kushoto, fremu na maputo ya maneno vilevile. Na kama unaishi pwani, weka vitabu wima, mbali na ukuta wa nje, vipate hewa. Unyevu huzipiga kurasa ukungu upesi.

Sasa michoro yenyewe. Soma kila ukurasa wenye mavazi mara mbili, mara ya kwanza kwa maneno na mara ya pili kwa wino peke yake. Mtazame Sebastian: koti refu jeusi lililojazwa wino mzito bila mstari wa ndani, mnyororo wa saa, glavu nyeupe. Weusi ule ndio unaoushika ukurasa usielee. Pembeni yake Ciel amejaa mistari myembamba: lesi, marinda, tepe, soksi ndefu, kitambaa juu ya jicho la kulia kinachoficha alama ya mkataba. Alama ya Sebastian iko mkono wa kushoto, chini ya glavu. Kwa hiyo kila glavu inapovuliwa kwa meno, jua kuna jambo. Linganisha juzuu la 1 na la 14. Mwanzoni videvu vimechongoka, mabega ni mapana kupita kiasi, na nyuma ya wahusika mara nyingi hamna kitu. Kufikia meli ya Campania vyumba vina kina, mikono inashika vitu kwa uzito, na vitambaa vinaanguka vinavyopaswa kuanguka.

Halafu yale ya kuvumilia, au kutoyavumilia.

La kwanza ni mtoto. Toboso anamchora Ciel kama mwanasesere wa thamani, na mara kwa mara anachezea ukaribu wake na Sebastian kwa mzaha unaolenga kumfanya msomaji afikirie mambo ya watu wazima. Tukio la koseti (vazi la kubana kiuno) katika kisa cha Jack the Ripper ndilo mfano unaotajwa sana. Halina ulazima wowote katika hadithi. Kisa cha sarakasi nacho kinahusu watoto waliotendewa unyama, na hapo mwandishi anakuwa makini, hana utani. Tatizo ni kwamba mkono uleule unaolaani jambo huko unalichezea huku. Mimi siioni kama manga ya kumpa mtu aliye chini ya miaka 16, hata kama jalada lina maua na chai.

La pili ni picha ya dunia. Milki ya Uingereza humu ni vikombe vya chai, reli na vyumba vyenye mapazia. Lau, mfanyabiashara kutoka Shanghai mwenye nyumba ya kuvutia kasumba jijini London, ni mzaha uliochongwa kwa mtindo wa zamani. Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kunyanyua nyusi: mwaka uleule wa 1888 Abushiri na watu wake walikuwa wakipigana na Wajerumani Pangani, miaka miwili baada ya London na Berlin kugawana maeneo ya bara. Haya hayamo, na si lazima yawemo. Ila usiichukue hadithi hii kama somo la historia. Meli ya kweli iliyoitwa Campania iliingia kazini 1893, miaka minne baada ya safari ya kitabuni. Makundi ya damu yalijulikana kisayansi 1901, lakini yanamhangaisha mtu humu mapema zaidi. Yupo hata mvunaji wa roho anayebeba msumeno wa mota. Nyakati zinachanganywa kwa makusudi, na ukilikubali hilo utalifurahia.

La tatu, na ndilo linalowachosha wengi, ni mwendo. Sura moja kwa mwezi. Miaka ya mwanzo yalitoka majuzuu mawili hadi matatu kwa mwaka, siku hizi ni kama moja. Tangu 2020 Toboso pia amebeba mchezo wa simu wa Disney uitwao Twisted-Wonderland, akiwa mwenye wazo, hadithi na sura za wahusika. Kisa cha shule ya Weston kina mechi ya kriketi ambayo, kwa aliyeifuata mwezi kwa mwezi, ilikuwa adhabu. Ukiisoma kwa mkupuo inapita jioni moja, tena inachekesha. Hiyo ndiyo dawa: usifuate sura zinavyotoka. Ngoja kisa kiishe, ukisome chote.

Kuanzia juzuu la 23, pale vijana wa jukwaani wa Sphere Music Hall wanapoanza kuwateka watu kwa nyimbo, visa haviishi tena kwa usafi. Kila kitu kinaunganishwa na usiku ule nyumba ilipoungua. Siri kubwa inafunguliwa kwenye sura ya 129, na baada yake kurudia majuzuu ya mwanzo ni kusoma kitabu kingine: majibu mafupi ya Ciel, picha za familia, hata namna anavyolitaja jina lake. Usitafute muhtasari mtandaoni kabla ya hapo, hata wa mhusika mmoja, kwa sababu siri hiyo huwekwa kwenye mstari wa kwanza. Asiyependa kungoja aishie la 22, mwisho wa kisa cha Ujerumani. Ni kituo kizuri.

Wanaotaka kuanza na anime, yaani katuni zake za skrini, wajue kuwa msimu wa 2008 una vipindi 24 lakini ukaiacha manga njiani na kujitungia mwisho wake. Tazama cha 1 hadi cha 6, kisha cha 13 hadi cha 15 kwa ajili ya Soma na Agni, halafu uachane nao. Msimu wa 2010 wenye Alois Trancy haumo kwenye manga kabisa, uruke. Endelea na Book of Circus ya 2014, vipindi 10. Book of Murder ya mwaka huohuo, sehemu 2. Filamu ya Book of the Atlantic ya 2017, yaani kisa cha meli. Kisa cha shule cha 2024, vipindi 11. Na kisa cha mchawi cha 2025, vipindi 13. Hapo utakuwa umefika mwisho wa juzuu la 22, na majuzuu ya 23 na kuendelea itabidi uyafungue mwenyewe.