"Borrow" na "lend": nani anatoa, nani anapokea?

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita aliandika "Can you borrow me your pen?" na mwalimu akamkosoa. Mbona sisi husema "niazime kalamu" bila tatizo?

JIBU: Kosa hilo halitokani na uzembe wa mtoto, bali na Kiswahili chenyewe, kwa kuwa kitenzi "azima" hubeba pande zote mbili: naazima kitabu kwa jirani, naye jirani huniazima kitabu, na ni kiambishi cha yambwa (yaani cha anayetendewa, kama "-ni-" katika "huniazima") au neno "kwa" linalotuonyesha kitu kinaelekea wapi. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. "Lend" ni tendo la mwenye kitu, nalo hukubali yambwa mbili, kama katika "Can you lend me your pen?"; "borrow" ni tendo la anayechukua, hupokea yambwa moja tu, na mwenye kitu hutajwa baada ya "from". Wakati uliopita ni "lent" na "borrowed".

Ningependa umwanzishie mtoto kwa fedha, ambako Kiswahili nacho hutenganisha: anayekopa ndiye "borrows", anayekopesha ndiye "lends".